Kiwanja Kabla ya Nyumba: Juan de Garay, Buenos Aires na Dar Yetu

Watu wa Dar es Salaam tunaoishi Buenos Aires, Argentina, tukikutana hatuchoki kulinganisha: baridi, kodi ya nyumba, bei ya nyama. Kwa maoni yangu tofauti kubwa kuliko zote huwa hatuitaji. Huku kiwanja kilitangulia nyumba. Kwetu, katika sehemu kubwa ya jiji, nyumba hutangulia, barabara hupita palipobaki, na mpima huja mwisho na vigingi vyake kwa jina la urasimishaji.

Aliyeupima mji huu ni Juan de Garay, mtu wa kaskazini mwa Hispania aliyezaliwa karibu mwaka 1528. Orduña na Villalba de Losa zinamgombea mpaka leo, kila moja ikidai ni mwanawe. Alivuka bahari kwenda Peru akiwa bado kijana, miaka ya 1540, akifuatana na mzee wa ukoo wake, Pedro Ortiz de Zárate, aliyeteuliwa kuwa jaji Lima. Mwaka 1561 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Santa Cruz de la Sierra, mwaka 1568 akahamia Asunción, leo mji mkuu wa Paraguay, na tarehe 15 Novemba 1573 akaanzisha Santa Fe kando ya mto Paraná. Yaani alipofika Buenos Aires mwaka 1580 alikuwa fundi wa kazi hiyo, ameshaona mji unavyoanza na unavyokwama.

Na Buenos Aires ilikuwa imeshakwama mara moja. Pedro de Mendoza alikuja moja kwa moja kutoka Hispania mwaka 1536 na kundi kubwa la watu waliotarajia fedha, wasiotarajia kulima. Walitegemea chakula cha Waquerandí, wenyeji wa eneo hilo, kisha wakapigana nao, njaa ikawamaliza, na mwaka 1541 waliosalia wakahamishiwa Asunción. Garay aligeuza mpango wote. Hakutoka ng'ambo, alishuka kutoka bara, kwa mto, huku kundi jingine likiswaga ng'ombe na farasi kwa nchi kavu. Wakuu wa kaya waliopewa viwanja walikuwa wapatao 65, na wengi wao walizaliwa hukuhuku, baba Mhispania na mama Mguaraní. Walijua msimu wa mahindi na walijua mto. Mmoja wao alikuwa mwanamke, Ana Díaz, ambaye kiwanja chake kilikuwa pale zinapokutana leo barabara za Florida na Corrientes.

Tarehe 11 Juni 1580 walisimika mti wa haki, nguzo ya kuonyesha mamlaka ya mji, katikati ya uwanja, Garay akachomoa upanga na kukata majani kuonyesha kwamba ameitwaa ardhi kwa niaba ya mfalme. Baraza la mji, cabildo, liliteuliwa siku hiyohiyo: mahakimu wawili na madiwani sita. Hapo nasimama kidogo, kwa sababu ndipo siri ilipo. Kulikuwa na ofisi ya kutunza daftari la ardhi kabla hakujawa na ukuta hata mmoja wa kuandikwa katika daftari hilo.

Kisha ikaja kamba ya kupimia. Kipimo chao kilikuwa vara, kama sentimita 87. Kila mtaa wa mraba ulikuwa na vara 140 kila upande, karibu mita 121, na njia kati yake vara 11, yaani mita tisa na nusu. Mitaa iliyo jirani na uwanja mkuu iligawanywa robo nne, na kila robo ikawa kiwanja cha karibu mita 60 kwa 60. Viwanja tisa vya 20 kwa 20 tunavyotangaziwa Dar vinaenea humo. Mitaa ya pembeni haikukatwa, ilitolewa mizima kwa bustani za mboga. Nje ya hapo iliachwa ardhi ya wote kwa malisho na kwa mji kukua, na baada yake mashamba: kila shamba na upana wa vara 350 hadi 500 mbele ya mto, likirudi nyuma kama kilomita tano. Upana ulibanwa makusudi ili kila mtu afikie maji. Uwanja, kanisa kuu na baraza vilitengewa nafasi kwanza, watu wakagawiwa baadaye.

Tena kulikuwa na sharti: mwenye kiwanja akae na aulinde mji kwa miaka mitano. Sharti hili ndilo ningelichukua leo na kulipeleka nyumbani. Sisi tulio ng'ambo tunanunua viwanja Kigamboni na Bagamoyo kwa simu, tunaviacha vichaka, na vijana waliopo pale wanakosa pa kujenga.

Msinielewe kwamba Waswahili hawakujua kupanga. Nenda Lamu: vichochoro vyembamba vinaleta kivuli, nyumba ya binti imeunganishwa na ya wazazi kwa wikio juu ya njia, na daka linampokea mgeni bila kumwingiza ndani. Utaratibu ule ulishikwa na ukoo na mtaa, nao ulitosha kwa mji ambamo kila mtu anamjua jirani yake. Na kuna jambo linalotuunganisha na huku. Mwaka uleule wa 1580, Felipe II, mfalme wa Garay, alidai pia taji la Ureno, na Fort Jesus ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593 chini ya utawala wake. Mfalme mmoja alileta ngome kwetu, kwa kuwa mji tayari ulikuwepo, na huku kamba, kwa kuwa aliihesabu ardhi kuwa tupu.

Haikuwa tupu, na hili lisipitwe. Mwaka 1582 Garay aliwagawa wenyeji wenyewe, akiandika machifu na watu wao chini ya majina ya walowezi, kama alivyoandika viwanja. Daftari lililomlinda mmoja lilimfunga mwingine. Machi 1583, akielekea Santa Fe, alilala ukingoni mwa mto na wenzake wapatao arobaini bila kuweka walinzi, na wenyeji wakamuua usiku huo. Baadaye bandari yake ikapokea maelfu ya Waafrika waliofanywa watumwa, wengi kutoka Angola na wengine kutoka Msumbiji. Anayeusifu mpango huu bila kusema haya anausifu nusu.

Hata kama mpango tu, una kasoro. Kamba haikujali maji. Vijito vilivyokatiza mitaa vilifukiwa au kuingizwa kwenye mabomba. Mto Maldonado, nje ya eneo la Garay lakini ndani ya miraba ileile iliyoendelezwa, unapita chini ya barabara ya Juan B. Justo, na mvua kubwa imefurika hapo mara nyingi. Watu wa Jangwani na bonde la Msimbazi hawahitaji kuelezwa. Njia za vara 11 zilikuwa finyu mno kwa mabasi, na kupanua Corrientes miaka ya 1930 kulidai kubomoa upande mzima. Urithi nao ulivikata viwanja vikubwa kuwa vipande virefu vyenye upana wa vara 10, mita 8.66, na upana huo bado uko kwenye hati leo: nyumba ndefu, vyumba vimepangana nyuma ya vyumba, mwanga unaingia ubavuni tu.

Lakini angalieni Santa Fe. Mto uliimega kingo na mashambulizi hayakwisha, hivyo kati ya 1651 na 1660 mji mzima ulihamishwa, kama kilomita 80 kusini. Ramani ya Garay ikachorwa upya kule. Kwa kuwa yote yaliandikwa, familia zilipewa viwanja mahali palepale kwenye mraba, makanisa yakarudi kwenye pembe zake, na jirani akabaki jirani. Mabaki ya mji wa kwanza yalifukuliwa Cayastá kuanzia mwaka 1949, na ramani ilisaidia kujua kila msingi ulikuwa wa nani. Linganisheni na kwetu: baada ya mafuriko ya Desemba 2011, watu wa Jangwani walipelekwa Mabwepande, wakapewa viwanja mbali na kazi zao, mpangaji na mwenye nyumba wakibishana nani anastahili, na baadhi yao wakarudi bondeni.