Dawa ya sonona si ya kila mwenye sonona

Mwandishi, katika makala yako umeshauri mtu mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, apelekwe kituo cha afya kilicho karibu akaanzishiwe dawa za sonona. Kwa wengi ni sawa. Kwa mwenye bipola, ugonjwa wa akili unaomyumbisha mtu kati ya huzuni nzito na msisimko uliopitiliza, hapo ndipo balaa linapoweza kuanza.

Mdogo wangu, hapa Kadutu, Bukavu, alipewa amitriptilini, dawa ya sonona. Huzuni ikaondoka haraka mno. Akawa halali, anaongea mfululizo, akakopa mifuko ya saruji ajenge hoteli, na kiwanja hana! Majirani wakashukuru Mungu kwamba amepona. Hadi daktari wa akili alipouliza: kabla ya huzuni hii, alishawahi kukaa siku kadhaa bila usingizi na bado ana nguvu? Mama akajibu ndiyo, tena akicheka. Kumbe hakuna aliyewahi kutuuliza.

Katika bipola, dawa ya sonona kwa kawaida haitolewi peke yake, maana inaweza kumpandisha mgonjwa hadi kwenye msisimko huo. Zipo dawa za bipola, kama kwetiapini na lamotrijini. Hii ya pili huongezwa polepole kwa wiki kadhaa, na vipele vikitokea unamwona daktari siku hiyohiyo. Ipo lithiamu pia, inayojulikana kama dawa ya ugonjwa huu tangu 1949. Lakini inataka vipimo vya damu, figo na tezi ya shingo. Mgonjwa akiharisha sana, au akijinunulia ibuprofeni, dawa ya maumivu, famasi, lithiamu inaweza kuzidi mwilini ikawa sumu. Hilo ungeliandika kwa herufi kubwa, maana ibuprofeni hapa kwetu inauzwa kama karanga.