Hili neno "set" limenichosha

Jana usiku, Sinza, umeme umekatika, mtoto wa dada ananimulikia daftari kwa tochi ya simu: "Mjomba, set maana yake nini?" Nikajibu haraka haraka, kuweka. Akanisomea: the sun set. Jua limewekwa? Na nani?

Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, toleo la pili la 1989, inalipatia neno hilo maana 430. Mia nne na thelathini! Jua linazama, meza inaandaliwa, zege linaganda, mtihani unatungwa. Ukibandika kaneno off, watu wameanza safari. Weka up, mtu kabambikiwa kesi. Halafu eti Kiswahili ndicho kigumu, kisa ngeli.

Na sisi tumelibeba hivyo hivyo. Saluni wanaseti nywele, fundi anaseti king'amuzi, darasani kuna seti za hisabati. Juzi Kariakoo nimelipia "seti ya sufuria", nimebanwa nayo kwenye daladala mpaka nyumbani, nafungua: mfuniko hata mmoja hakuna. Nikarudi kesho yake, jua la saa saba.

"Kaka," muuzaji ananiambia bila aibu, "mifuniko ni seti nyingine."