Video ya dakika tatu haitoshi

Watafiti wa Stanford walipochapisha matokeo ya mradi wao wa Puffer, huduma ya utafiti inayorusha televisheni kwa intaneti, mwaka 2020, majaribio ya video yanayotegemea data iliyorekodiwa yalianza kuonekana ya kizamani. Hoja yao ina uzito. Walirusha televisheni kwa watazamaji zaidi ya 60,000 wa Marekani, na mfumo wa kuchagua ubora wa video uliofunzwa kwenye mtandao wa kuigiza, unaofuata rekodi za kasi ya intaneti, ukaboronga ulipokutana na intaneti yenyewe.

Hilo sina ubishi nalo. Lakini kosa hilo ni la mtandao uliorekodiwa, si la video iliyorekodiwa, na vitu hivi viwili vinachanganywa mno. Mtandao humjibu anayeutumia: ukituma data nyingi, foleni hujaa na kasi hushuka. Rekodi ya jana haiwezi kujibu hivyo. Video iliyokwisha kubanwa ni jambo jingine. Fremu ya 500 ina baiti zilezile, mtazamaji awe na simu mbovu au nyaya za kisasa. Programu ya kutazamia huchagua tu nakala ya kuvuta, nzito au nyepesi, na ukubwa wa kila kipande cha kila nakala unajulikana tangu mwanzo.

Kinachonisumbua ni uchache wa video zenyewe zinazotumika kwenye majaribio. Pensieve, mfumo wa kuchagua nakala ya kuvuta uliotoka chuo cha MIT mwaka 2017 na kuchochea tafiti nyingi, ulipimwa hasa kwa video moja ya sekunde 193, vipande 48, na wengi waliofuata wakaichukua ileile. Sekunde 193! Mwaka 1994 watafiti Garrett na Willinger walichambua filamu nzima ya Star Wars, saa mbili, fremu kama 171,000. Urefu huo ndio uliowaonyesha kwamba mizigo mizito hufuatana: mapigano yakianza, fremu kubwa huja mfululizo kwa muda mrefu, na hata ukikokotoa wastani wa dakika nzima mabonde na vilima havisawaziki. Akiba ya sekunde kadhaa za video iliyokwisha kuvutwa kwenye simu huliwa hapo, picha ikaganda. Kwa dakika tatu huwezi kuliona jambo hilo, hata ukirudia jaribio mara elfu.

Wanaopinga video zilizorekodiwa wana haki kwenye suala la umri. Orodha za ukubwa wa fremu zilizotoka Würzburg, Ujerumani, mwaka 1995, za video zilizobanwa kwa mbinu ya MPEG-1, hazitufai tena, kwa kuwa mbinu mpya zaidi ya H.264 hubana zaidi na wakati huohuo huongeza mpishano wa ukubwa kati ya fremu na fremu. Lakini dawa yake ni kukusanya upya, kama walivyofanya Chuo Kikuu cha Arizona State, Marekani, kwa mbinu za kuanzia MPEG-4 hadi HEVC, wakiandika na ubora wa kila fremu.

Tena orodha hizi ni rahisi kugawana na wengine. Ndani yake mna namba ya fremu, aina, ukubwa na ubora. Picha haimo, kwa hiyo mwenye hatimiliki haporwi kitu, na hakuna mtazamaji anayefuatiliwa. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Kisumu, ambaye Puffer haimfikii, anaweza kuzipakua orodha hizi na kurudia jaribio la mtu mwingine kipande kwa kipande.

Zinazohitajika sasa ni rekodi ndefu za vitu watu wanavyotazama kweli: mechi nzima ya dakika 90, taarifa ya habari, ibada ya Jumapili inayorushwa moja kwa moja. Kila moja ibanwe kwa mbinu za H.264, HEVC na AV1, na mipangilio yote ya ubanaji iandikwe kando yake.