Familia zinaweza kwenda Mbudya pia

Makala yenu kuhusu mahali pa kupeleka familia mwishoni mwa wiki jijini Dar es Salaam imetaja zaidi maduka makubwa na hoteli, nami naomba kuongeza Kisiwa cha Mbudya, kilichomo katika hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, ambako boti hufika kutoka Kunduchi kwa muda mfupi na watu wazima hupumzika kwenye vibanda vya makuti huku watoto wakiogelea. Mwezi uliopita binti yangu alichuchumaa muda mrefu akimtazama kaa akitoa mchanga shimoni, hadi samaki wake wa kuchoma akapoa. Kilichonisikitisha ni kwamba jaketi la kujiokolea alilopewa halikuwa na kamba ya kufungia, na lilibadilishwa tu nilipokataa kupanda boti. Nawasihi sana wazazi wenzangu wayakague majaketi hayo kabla ya kulipa nauli. Kwa wanaoogopa bahari, hasa wazee, Kijiji cha Makumbusho kilichopo Barabara ya Bagamoyo kina nyumba za asili za makabila mbalimbali, na wajukuu watapata mengi ya kuwauliza.