Walioinunia Portal 2 siku ya kwanza

Aprili 2011, gemu ya mafumbo Portal 2 ilipotoka, mtu aliyefungua Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki na za wachezaji, angedhani anasoma habari za gemu mbili tofauti. Upande wa wahakiki alama zilisimama kwenye 95 kwa 100. Upande wa wachezaji, sifuri zilikuwa zinagawiwa kama njugu. Ukichuja matusi, yanabaki malalamiko matatu. Gemu ni fupi, na kuna waliodai wameimaliza kwa saa nne tu. Gemu imetengenezwa kwa ajili ya konsoli kama PlayStation, kompyuta imebandikiwa tu. Halafu kuna duka ndani yake, linawauzia kofia watu ambao wameshatoa dola 50.

Mimi ni mpenzi wa Portal 2, nasema mapema usije ukadhani najifanya hakimu. Waliokasirika siku ile walikuwa na sababu zao. Ila gemu hii ina kasoro moja kubwa, na katika yale matatu hakuna hata moja linaloigusa.

Tuanze na hasira yenyewe, kwa sababu Valve, watengenezaji wa gemu, waliichokoza wenyewe. Tarehe 1 Aprili mwaka ule, gemu 13 za watengenezaji wadogo zilianza kuota vitu vya ajabu: viazi kila kona, maandishi ya mafumbo, sauti zisizoeleweka. Wachezaji wakachimba wiki mbili nzima. Mwishoni ikatokea saa inayohesabu kurudi nyuma, na ujumbe ukawa kwamba wakizicheza gemu zile 13 kwa wingi, GLaDOS, adui mkuu wa Portal, ataamka kabla ya siku yake, yaani Portal 2 itafunguliwa mapema. Watu wakanunua kifurushi kizima, wakakesha, wakaacha kompyuta zikiwaka usiku kucha ili zihesabiwe. Matunda yake? Gemu ilifunguliwa mapema kwa muda wa kama saa 10. Baada ya jasho lote lile! Ningekuwa mmoja wao, sifuri yangu ningeipeleka mapema kabisa.

Na hata hivyo viazi vilikuwa dokezo. Katikati ya hadithi GLaDOS, ile kompyuta katili inayotawala maabara ya Aperture, anavuliwa mamlaka na kuchomekwa ndani ya betri ya kiazi, ile ya maonyesho ya sayansi ya watoto wa shule. Wachezaji walikuwa wamesimuliwa kichekesho kikubwa cha gemu wiki mbili kabla hakijafika, bila kujua. (Kuanzia hapa nitafichua mambo hadi mwisho. Gemu ya mwaka 2011 haina tena siri ya kulindiwa.)

Suala la urefu lina historia yake. Portal ya kwanza ilitoka Oktoba 2007 ndani ya The Orange Box, kifurushi cha gemu za Valve, imebanwa katikati ya Half-Life 2 na nyongeza zake mbili, pamoja na Team Fortress 2. Ilitokana na gemu ya wanafunzi wa chuo cha DigiPen, Narbacular Drop, ambao Valve waliwaajiri baada ya kuiona. Mtu mwenye mkono mwepesi aliimaliza kwa saa tatu, na simkumbuki aliyelalamika, maana kwa wengi ilikuja kama kionjo ndani ya kifurushi. Sehemu ya pili iliingia sokoni na bei kamili. Yenyewe ni ndefu mara mbili au tatu ya ile ya kwanza, bila kuhesabu upande wa wachezaji wawili ambao una vyumba vyake na hadithi yake. Lakini bei ikishabandikwa, watu huanza kugawa dola kwa saa kama wanaokodi bajaji.

Kwa asiyeijua: wewe ni Chell, mwanamke asiyesema neno, umefungiwa kwenye maabara iliyokufa. Una bunduki ya kutoboa matundu mawili ukutani, moja la buluu na moja la rangi ya chungwa. Ukiingia hili unatokea lile, na kasi unayoingia nayo ndiyo unayotoka nayo. Ukitaka kuruka korongo, unajitupa kwanza kwenye shimo refu lenye tundu chini yake, ili urushwe kutoka ukutani kama jiwe la manati. Sehemu ya pili iliongeza madaraja ya mwanga, miale ya leza, mikondo inayokubeba hewani, na jeli za rangi: ya buluu inakudundisha, ya chungwa inakutelezesha kwa kasi, nyeupe inaufanya ukuta wowote ukubali tundu. Ikumbuke hiyo jeli nyeupe, nitairudia.

Sasa mzaha. Gemu inaanza chumbani, kwenye kitu kama hoteli ya bei nafuu. Sauti inakuamuru uangalie juu, uangalie chini, kisha uende ukaitazame picha ukutani, halafu urudi ukalale. Unapoamka miaka mingi imepita, chumba kimeoza, na mlangoni yuko Wheatley, roboti la duara lenye jicho moja linaloning'inia kwenye reli, likiongea kwa sauti ya mchekeshaji Mwingereza Stephen Merchant. Anahofia umepata madhara ya ubongo. Anakuomba useme neno, tofaa tu, inatosha. Kwenye skrini panatokea maelekezo ya kitufe cha kubonyeza ili useme. Unabonyeza, na Chell anaruka. Anakuomba tena, unabonyeza tena, anaruka tena. Wheatley anajikaza asionyeshe alivyokata tamaa.

Nimeona watu wakicheka hapo mpaka wanaweka kipanya pembeni. Angalia kilichofanyika: umefundishwa kitufe cha kuruka, umeambiwa kwamba mhusika wako hatasema kitu mpaka mwisho, umemjua Wheatley ni mwoga mwenye moyo mzuri na akili kidogo, na umedharauliwa, vyote kwa kitufe kimoja. Waandishi wake, Erik Wolpaw, Jay Pinkerton na Chet Faliszek, waliutumia mwili wa gemu kuchekesha. Vivyo hivyo Wheatley anapogeuka na kukutega akuue, anatangaza kwa mbwembwe kwamba hii ndiyo sehemu ya kukuua. Mara jina la sura mpya linatokea kwenye skrini: The Part Where He Kills You. Kisha tuzo ya mafanikio inachomoza pembeni, nayo ina jina hilohilo. Ukisimuliwa haichekeshi sana. Ukiwa mwenyewe pale, vidole vikitoka jasho, huwezi kujizuia.

Uchungu wa mizaha yake ndio unaowagawa watu. GLaDOS, kwa sauti tamu ya Ellen McLain, anakutukana unene, anakusimanga kwamba wazazi wako walikutupa, anakuahidi zawadi ambazo ni mitego. Huku Tanzania mtani anaweza kuja msibani, akajilaza kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe kitu kidogo, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatiririka. Mtu baki akijaribu hivyo ataondoka na nundu. GLaDOS ni mtani wa aina hiyo. Umeshamuua katika sehemu ya kwanza, naye anakudai, na kila tusi lake lina historia nyuma yake. Aliyeanzia sehemu ya pili bila kuicheza ya kwanza anaambulia matusi makavu, na nadhani baadhi ya walionuna walikuwa hao.

Pia kuna ambao utani huo haukuwahusu hata kidogo. Mwaka huohuo baba mmoja Marekani, aliyeasili mtoto wa kike, alilalamika kwenye televisheni baada ya kusikia gemu ikimdhihaki Chell kwa kutokuwa na wazazi. Wapenzi wa gemu walimjia juu. Walieleza, na ni kweli, kwamba Wheatley anapolitumia neno la kuasiliwa kama tusi, GLaDOS aliye ndani ya kiazi ndiye anayemgeukia na kumuuliza kuna ubaya gani, naye anababaika. Anayechekwa ni Wheatley, asiyejua hata kutukana. Sawa. Lakini mtoto mdogo aliyekaa pembeni ya baba yake hafuatilii nani anamcheka nani. Analisikia neno. Katika hilo niko upande wa yule baba, na sioni kwamba kumwelewa kunaipunguzia gemu chochote.

Na GLaDOS nusura asiwemo. Mpango wa awali wa Valve ulikuwa kurudi nyuma miaka mingi, enzi za mwanzilishi wa maabara, Cave Johnson, bila Chell, bila GLaDOS, hata bila matundu. Waliokuja kujaribu gemu ikiwa jikoni waliuliza: yuko wapi GLaDOS? Valve wakairudisha mezani. Wasiomhesabu mchezaji kama mkosoaji wakumbuke hili, kwamba hukumu iliyoijenga Portal 2 ilitolewa na wachezaji kabla ya ile sifuri ya Metacritic, na ilisikilizwa.

Cave Johnson mwenyewe alibaki, kama sauti kwenye kanda za zamani, J.K. Simmons akifoka kama bosi wa kiwanda anayelipa mishahara nusu. Kupitia tangazo lake moja unajua kwamba alinunua mawe ya mwezini kwa mamilioni ya dola, akayasaga, akayatia kwenye jeli, na vumbi lake likamuua taratibu. Anaeleza, kati ya kikohozi kimoja na kingine, kwamba jambo zuri ni kwamba mawe yale yanapitisha matundu vizuri sana. Unacheka, unaendelea. Jeli nyeupe hiyo unaitumia masaa kadhaa bila kuwaza. Kisha pambano la mwisho, dhidi ya Wheatley: umelala chali, paa limepasuka, na juu kabisa angani unauona mwezi. Hakuna anayekuelekeza, hakuna mshale. Una bunduki mkononi tu. Unafyatua, zinapita sekunde chache za ukimya, na ghafla nyote mnafyonzwa kuelekea angani.

Mzaha wa mzee aliyejiua kwa vumbi ndio jibu la fumbo la mwisho. Kwa gemu nyingi hadithi hukaa kivyake na mafumbo kivyake. Hapa ni kamba moja iliyosokotwa, na ndiyo maana hesabu ya saa na dola haiwezi kuiona.

Kasoro yake ndiyo hii: kuna mahali kamba hiyo inafumuka. Ukiteremka kwenye maabara ya zamani ndani ya mgodi wa chumvi, na kila unapotoka nje ya vyumba vya majaribio, unajikuta kwenye mapango makubwa ambamo karibu kila ukuta haukubali tundu. Hapo hufikiri tena. Unazungusha macho ukitafuta kipande cheupe, pengine kimejificha mbali kabisa gizani; ukikipata, unafyatua, umepita. Sehemu ya kwanza ilikuwa na vyumba vya mwishoni vilivyokukalisha kitako. Sehemu ya pili ilisafishwa na majaribio mengi mno ya watu mpaka kona zote zikalainika, mchezaji asikwame asije akaboreka kabla ya kichekesho kinachofuata. Waliomaliza haraka wangesema gemu ni rahisi mno kuliko ya kwanza, ningewapigia makofi. Walisema ni fupi.

Duka la kofia silitetei, lilikuwa tamaa tu. Ila hakuna kilichouzwa pale kilichomsaidia mtu kutatua fumbo, na vile vya maana vilikuja bure: Oktoba 2011 nyongeza ya vyumba vya wachezaji wawili, na Mei 2012 kifaa cha kutengeneza vyumba vyako mwenyewe. Kati ya matukio hayo mawili gemu ilipata tuzo za BAFTA za Uingereza: ya gemu bora, ya usanifu na ya hadithi. Kifaa kile ndicho kilichowajibu waliotaka ugumu, kwa sababu wachezaji wenyewe walijaza Steam, duka la gemu la Valve mtandaoni, na vyumba ambavyo baadhi yake ni ukatili mtupu. Mwaka 2021 mashabiki walitoa Portal Reloaded, bure, yenye tundu la tatu linalokuvusha miaka 20 mbele. Mimi ilinishinda chumba kimoja mpaka nikaenda kupika.

Kwa anayetaka kuanza leo, anza na ya kwanza, na ni fupi kweli, jioni moja inatosha. Ya pili ukishamaliza hadithi, ingia upande wa wawili, ambako roboti mbili, Atlas na P-body, zinakufa kila dakika na kuundwa upya, huku GLaDOS akigawa alama kwa upendeleo ili mgombane. Ila mwenzako awe hajawahi kuucheza. Anayejua majibu atakuwa anakuonyesha ukutani kabla hujafungua mdomo, na hapo hata utani wa GLaDOS hauchekeshi tena.