Kila klasi iandike logi kwa jina lake

Logeri, yaani kifaa cha programu kinachoandika logi (kumbukumbu za yanayotokea programu ikikimbia), hairithiwi. Natanguliza msimamo kwa sababu mjadala huu unarudi kila tunapompokea kijana mpya kwenye timu yetu hapa Lubumbashi, na kila mara unaanzia palepale: kijana anafungua klasi nne za Java (vipande vya msimbo wa programu), anaukuta mstari uleule wa kutengeneza logeri juu ya kila moja, anakunja uso. «Mukubwa, juu ya nini turudilie mustari moya mu ma-klasi yote?» Kisha anaupandisha kwa klasi mama, ile ambayo nyingine zinairithi, anaufuta kwa mabinti, na msimbo unaonekana msafi.

Simlaumu. Chuoni tulilishwa Merise na UML, njia za kuchora muundo wa programu, kwa Kifaransa hadi tukashiba, na somo la urithi lilikuwa hilohilo: kinachojirudia kwa mabinti, mpe mama. Kwa kiasi cha pesa, tarehe au jina la mteja, sawa kabisa. Ila logeri haielezi chochote kuhusu kitu chenyewe, kama vile malipo; inaeleza ni sehemu gani ya msimbo iliyoandika ule mstari wa logi, na sehemu hiyo kila klasi ina yake.

Tuchukue programu ya depo ya vifaa vya ujenzi. Klasi mama inaitwa Malipo, na mabinti wake ni MalipoKeshi, MalipoSimu na MalipoBenki, maana mteja wa hapa anaweza kulipia saruji kwa dola, akarudishiwa chenji kwa faranga, na salio akalimalizia kwa simu. Ukimpa mama logeri ya protected static (moja tu, inayotumiwa na mama na mabinti wote), mistari ya mabinti wote inatoka na jina Malipo. Ni kama wauzaji watatu wanaosaini risiti zote kwa jina la bosi: pesa ikipungua jioni, utamwuliza nani?

Wajanja wanajibu: basi logeri iwe ya kila objekti (kitu kinachoundwa kutokana na klasi), na jina lichukuliwe pale programu inapokimbia.

    protected final Logger log = LoggerFactory.getLogger(getClass());

Njia hii ina heshima yake. Watengenezaji wa Spring, mfumo maarufu wa Java, wenyewe wanaitumia katika baadhi ya klasi zao mama. Jina linalotoka sasa ni la binti halisi. Lakini tatizo limehamia upande wa pili, kwa kuwa hata mistari iliyoandikwa ndani ya Malipo inavaa jina la binti. Unasoma MalipoSimu, unafungua faili la MalipoSimu, unatafuta maneno «kiasi hakilingani», huyaoni. Yako kwa mama, au kwa bibi ikiwa urithi una ngazi tatu.

Aliye na seva mbele yake atapoteza dakika chache tu. Sisi wateja wetu wako Likasi, na wengine Kolwezi, kilomita kama 300 kutoka hapa. Umeme ukikatika malipo yakiwa nusu, kinachonifikia ni kipande cha faili la logi kwa WhatsApp, karani amekikata mwenyewe ili asimalize megabaiti zake. Natakiwa kujua kwa kipande hicho hicho ni msimbo upi ulisimama.

Kuna jambo jingine ambalo nimeona hata wazoefu hawalijui. Watu hudhani logeri ya klasi binti ni mtoto wa logeri ya klasi mama. Katika Logback na Log4j (maktaba za logi za Java), na katika moduli ya logging ya lugha ya Python, ukoo wa logeri unafuata nukta za majina. cd.depo.malipo ni mzazi wa cd.depo.malipo.MalipoSimu kwa ajili ya ile nukta. Neno extends, linalotangaza urithi katika Java, halina usemi hapo. Mhamishie MalipoBenki kwenye paketi (kundi la klasi) cd.depo.benki: ataendelea kurithi mbinu zote za Malipo (kazi zilizoandikwa ndani ya klasi), lakini kiwango chake cha logi (mambo mangapi yaandikwe) atakitafuta kwa cd.depo.benki, kisha cd.depo, hivyo hivyo hadi kwenye mzizi. Sasa jaribu kuwasha DEBUG (kiwango chenye maelezo mengi) kwa msimbo wa Malipo peke yake huku umetumia getClass(). Huwezi. Mistari ya mama imetawanyika chini ya majina ya mabinti, itabidi uwawashe wote, na faili litavimba. Kila klasi ikiwa na jina lake, unaongeza mstari mmoja kwenye usanidi, basi.

Kuna anayesema tuonyeshe tu jina la faili na namba ya mstari katika kila logi. Inawezekana, ila kuitafuta habari hiyo kunaipunguzia Java kasi. Na ukishamwekea mama mbinu ya kusaidia kuandika logi, namba inayotoka ni ya mbinu hiyo siku zote. Python walileta stacklevel, njia ya kuonyesha mstari ulioiita mbinu hiyo, katika toleo la 3.8 kwa shida ya namna hiyo.

Mtego wa konstrakta (msimbo unaokimbia objekti inapoundwa) nautaja kwa haraka. Konstrakta ya mama ikiita mbinu ambayo binti ameiandika upya, na logeri ya binti ni ya objekti, wakati huo bado ni null, yaani haipo, kwa hiyo programu inaanguka kabla haijasema lolote. Logeri ya private static final (ya klasi yenyewe, siyo ya kila objekti) inakuwa tayari mapema, haina kisa hicho.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni mama anayeandika this, yaani objekti nzima, kwenye logi. Mama hajui mabinti wanabeba nini. Leo toString yake (mbinu inayogeuza objekti kuwa maandishi) inatoa kiasi na tarehe tu. Kesho mtu anaongeza binti wa malipo ya simu, anaandika toString yake na namba ya mteja ndani, na mstari wa mama ambao hakuna aliyeugusa unaanza kumwaga namba za watu. Halafu faili hilo ndilo linalopita WhatsApp! Mama aandike sehemu anazozijua, moja moja.

Na lile swali la «nani hasa alikuwa anafanya kazi» lipo, silikatai. Jibu lake tunaliweka kwenye MDC, mfuko wa logi unaobeba habari za ombi: aina ya malipo na namba ya risiti vinaingia ombi linapoanza, na kila mstari unavibeba, uwe wa mama au wa binti. Viondolewe ombi likiisha, la sivyo, uzi (njia moja ya kazi ndani ya programu) ukitumiwa tena, risiti ya mteja mmoja itajitokeza kwenye mistari ya mwingine. Kwa kijana anayechukia kurudia, Lombok, maktaba inayokuandikia msimbo unaojirudia, ina @Slf4j. Anaiweka juu ya klasi, na logeri inayozaliwa ni private static final, yenye jina la klasi hiyohiyo.

Nimeacha getClass() mahali pamoja tu, katika maktaba ndogo ya ripoti tunayowapa timu nyingine. Wao hawaufungui msimbo wetu wa ndani, na kwenye logi wanatafuta klasi walizoandika wao.