Sheria za China zimebadilika kweli, ila jaji bado ni wa nani?

Kila nikisoma habari za sheria China narudi kwenye kesi moja tu, ya kijana Nie Shubin wa mkoa wa Hebei. Alihukumiwa kifo na kuuawa 1995 akiwa na miaka 20, walisema kabaka na kuua. Miaka kumi baadae mtu mwingine kabisa akakamatwa akakiri kwamba ni yeye aliyefanya, na bado mama wa Nie akazungushwa toka ofisi hii hadi ile mpaka Desemba 2016 ndo Mahakama ya Juu ikasema mtoto wake hakuwa na hatia.

Wanaoisifia China wana hoja, tusiwapuuze. Hii ni nchi iliyofuta wizara ya sheria 1959 ikairudisha 1979, yani walianza karibu na sifuri, hata sheria ya makosa ya jinai waliipata mwaka huohuo wa 1979. Zamani mahakama za mikoa zilikuwa zinapitisha zenyewe hukumu nyingi za kifo, toka Januari 2007 kila faili lazima lifike Mahakama ya Juu Beijing. Makosa yenye adhabu ya kifo yalikuwa 68, yakapunguzwa 13 mwaka 2011 na mengine 9 mwaka 2015, yakabaki 46. Zile kambi za kazi ambako polisi walikuwa wanakutupa hata miaka minne bila kumuona hakimu zilifutwa 2013. Hayo ni maisha ya watu, si karatasi, na anayesema hakuna kilichobadilika hajaangalia.

Lakini sasa angalia upande wa pili. Marekebisho ya 2012 ya sheria ya mwenendo wa kesi za jinai yalikataza mtu kulazimishwa kujishtaki mwenyewe, safi kabisa, halafu sheria hiyohiyo ikaruhusu polisi kumshikilia mtuhumiwa wa usalama wa taifa sehemu wanayoichagua wao hadi miezi sita, nje ya mahabusu ya kawaida, na hapo ndo mateso yanapopata nafasi. Julai 2015 mawakili na wanaharakati wa haki zaidi ya 200 walikamatwa au kuhojiwa, wengi wao ni walewale waliokuwa wanashika kesi ambazo wengine wanaziogopa. Na idadi ya wanaouawa kwa hukumu ya kifo kila mwaka ni siri ya serikali mpaka leo, sasa hayo mafanikio ya 2007 tuyapime kwa kitu gani?

Mimi naelemea upande huu wa pili, na sababu yangu ni tarehe. Desemba 2016 Nie anasafishwa jina. Januari 2017, mwezi mmoja tu, Zhou Qiang aliyekuwa mkuu wa mahakama hiyohiyo anawaambia majaji wapinge wazo la uhuru wa mahakama, kwamba ni fikra potofu za Magharibi. Jaji asiyeruhusiwa kumkatalia mkubwa wake ndiye aliyemhukumu yule kijana 1995, na ndiye atakayeletewa faili linalofuata.